Marekani ya miaka ya sitini: jibu langu kwa wanangu wa Rabai

Wanangu,

Ujumbe wenu nimeupata na nimeusoma zaidi ya mara moja. Mnataka niwaeleze Marekani ya miaka ya sitini ilikuwaje, kwa kuwa mmeona picha zake: magari marefu, nywele za afro, vijana wenye maua shingoni, Rais Kennedy na mkewe. Mmoja wenu akaongeza neno ambalo ndilo lililonikalisha kitako niandike. Amesema Wamarekani weusi walipewa kila kitu wakashindwa, na sisi Waafrika tulifika mikono mitupu tukafaulu kwa bidii yetu. Kisha akauliza: kama kulikuwa kubaya hivyo, shangazi, mbona hukurudi?

Naanza na hiyo mikono mitupu, kwa sababu si kweli.

Niliondoka Nairobi mwaka 1960, kwenye mpango wa ndege za kuleta wanafunzi Marekani, alioupigania Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Mwaka uliotangulia ndege ya kwanza ilikuwa imebeba wanafunzi 81. Wakoloni hawakuupenda mpango huo hata kidogo. Nyumbani watu waliuza mbuzi, wakauza nazi, wakachanga, lakini michango ya kijiji haikuweza kulipa ndege ya kuvuka bahari. Nauli ilitafutwa huku Marekani. Barua ya kuomba michango ya mwaka 1959 ilitiwa sahihi na Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji. Wote watatu ni weusi. Robinson ndiye aliyevunja ubaguzi katika ligi kuu ya mchezo wake mwaka 1947 na kutukanwa uwanjani kwa ajili hiyo. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy nao ukatoa dola 100,000. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kennedy na Nixon walikuwa wanagombea kura za weusi wa kaskazini, na ndege zetu zikaingizwa katika mashindano yao. Lakini waliotangulia kututolea mkono ni watu ambao katika nusu ya nchi yao wenyewe hawakuruhusiwa kuketi mkahawani wakanywa soda.

Nilipelekwa chuo kidogo cha kanisa katika jimbo la Ohio. Baridi mmeshaisikia kwa wengi, siirudii. Nilikosha vyombo jikoni kwa malipo yaliyokuwa chini ya dola 1 kwa saa, na dola 1 ndicho kilikuwa kima cha chini cha mshahara kwa sheria. Mjini hapakuwa na saluni ambayo ingenigusa nywele. Wanawake wa kanisa la weusi, ng'ambo ya reli, ndio waliokuwa wakinichoma nywele jikoni kwao Jumamosi jioni, bila kunitoza senti, wakiniuliza habari za mama yangu na kama kwetu tunapanda mahindi.

Krismasi ya mwaka ule mwenzangu wa chumbani alinichukua kwao Nashville, Tennessee. Mama mmoja wa kanisa alitukaangia kuku, akachemsha mayai, akakata keki, akavipanga vyote ndani ya boksi la viatu lililotandikwa karatasi ya nta. Niliona ni ukarimu, na ulikuwa ukarimu kweli. Ila kulikuwa na sababu nyingine: ukishavuka mto Ohio kuingia Kentucky, mtu mweusi hakuwa na uhakika wa kuuziwa chakula njiani. Familia zote nyeusi zilisafiri na boksi kama lile.

Tuliteremka kubadilisha basi usiku katika stesheni moja ndogo. Vyumba vya kungojea vilikuwa viwili. Cha mbele kilikuwa na joto na kahawa. Cha nyuma kilikuwa ubavuni mwa choo, kina taa moja na benchi. Mwenzangu alikwenda nyuma moja kwa moja bila hata kutazama kibao. Mimi nilibaki dirishani nikimuuliza karani saa ya basi. Akasikia Kiingereza changu cha shule ya misheni, akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akaniuliza natoka nchi gani. Nikamwambia Kenya. Uso ukamlegea. Akaniambia naweza kuketi mbele, kwa kuwa mimi si kama hawa wa kwao.

Mwenzangu alizaliwa jimbo la jirani. Babu yake alipigana Ufaransa katika vita vya kwanza akiwa amevaa sare ya nchi hii. Mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu nishuke kwenye ndege. Nilikwenda nyuma tukala kuku wetu. Lakini yale maneno ya karani ndiyo nataka myashike, maana niliyasikia tena na tena kwa miaka kumi, kwa sauti tofauti, mengine kwa tabasamu.

Mgeni alikuwa na bei. Nchi za Afrika zilikuwa zinapata uhuru, kila moja na kura yake Umoja wa Mataifa, na Marekani ilikuwa inashindana na Wasovieti kuzivuta upande wake. Mwaka 1961 balozi wa Chad, akiwa njiani kwenda Washington kuwasilisha hati zake kwa Kennedy, alikataliwa huduma katika mkahawa wa barabara ya 40, jimbo la Maryland. Ikawa fedheha ya dunia nzima, na Wizara ya Mambo ya Nje ikaweka maofisa maalumu wa kuwabembeleza wenye mikahawa wawahudumie mabalozi wa Afrika. Wengine wakakubali: Mwafrika wa ubalozi aketi, mweusi wa Baltimore atoke. Hata sisi wanafunzi tulishauriwa tuvae mavazi ya kwetu tunapotoka, ili tusichanganywe na wenyeji. Mtu aliyepita mlango huo akala akashiba, akaja kuandika nyumbani kwamba Marekani haina shida kwa mtu mstaarabu, hakuwaeleza nchi yenyewe.

Kaka wa mwenzangu ndiye aliyenieleza. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa Nashville waliokwenda kuketi kwenye kaunta za chakula za madukani zilizowakataa weusi, kuanzia Februari 1960, siku chache baada ya vijana wanne weusi wa Greensboro, North Carolina, kufanya hivyo. Kabla ya hapo walifanya mazoezi kwenye majengo ya kanisa chini ya mchungaji James Lawson. Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi: wewe unakaa kwenye kiti, wenzako wanakutukana, wanakumwagia kitu kichwani, wanakusukuma uanguke, na wewe unajifunza kutorudisha mkono na kuikinga shingo yako. Alinionyesha sebuleni namna ya kujikunja ukipigwa mateke. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, mpole, anasomea hesabu. Mwezi Aprili nyumba ya wakili wao ililipuliwa kwa baruti. Mwezi Mei kaunta za Nashville zikafunguliwa. Ndugu yangu unayesema walipewa, huyo alipewa nini?

Mwaka 1963 ulikuwa mrefu. Mwezi Mei, Birmingham, polisi waliwaachia mbwa watoto wa shule na kuwapiga kwa mabomba ya maji ya zimamoto; tuliona kwenye televisheni ya bweni. Juni, Medgar Evers, mpigania haki za weusi, akapigwa risasi mbele ya nyumba yake huko Mississippi. Mwanawe wa kiume alikuwa amempa jina la Kenyatta, tangu siku ambazo Kenyatta alikuwa kifungoni na dunia ikimwita gaidi. Agosti, watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington kudai haki za weusi. Septemba bomu likaua wasichana wanne kanisani Birmingham. Novemba Kennedy akauawa Dallas, na siku ishirini baadaye Kenya ikapata uhuru. Tulisherehekea Ohio kwa chai na maandazi niliyoyakaanga mwenyewe, bendera ikishonwa na wanawake wale wale wa ng'ambo ya reli. Desemba hiyo hiyo Oginga Odinga, waziri wa Kenya, alifika Atlanta. Vijana wa harakati za haki za weusi walikwenda kumwona hotelini, na walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani, wakakataliwa, wakakamatwa. Waziri wetu alikuwa mgeni wa heshima hatua chache tu kutoka mahali walipofungiwa mlango wenye nchi.

Sasa sikilizeni hili, maana hili ni la nyumbani kwetu. Bibi yenu, mama yangu, hakwenda shule. Mei 1963 alitembea kwa miguu hapo Rabai akapiga kura ya kuchagua serikali ya Kenya. Mama mkwe wangu, mama wa Mmarekani mweusi niliyekuja kuolewa naye, huko Mississippi, alikuwa anasoma Biblia na gazeti, alilipa kodi maisha yake yote, ukoo wake ulikuwa kwenye ardhi ile tangu utumwa. Yeye hakuwa amepiga kura. Ukienda kujiandikisha, karani mweupe anakupa kifungu cha katiba ya jimbo ukinakili na kukieleza maana yake, na yeye ndiye anayeamua kama umeeleza vizuri. Ukirudi nyumbani, mwenye shamba ameshapata habari, na kesho huna pa kukaa. Kabla ya sheria ya haki ya kupiga kura ya Agosti 1965, weusi walioandikishwa Mississippi hawakufika 7 katika kila 100. Miaka miwili baadaye walikaribia 60. Mama mkwe alikuwa mmoja wao. Alinunua kofia ya siku ile, na hakuivaa tena kanisani. Ilikuwa ya kura.

Oktoba ya mwaka huo huo wa 1965, Rais Johnson alitia sahihi sheria mpya ya uhamiaji. Kabla yake nafasi zilipangwa kwa asili ya mtu: Uingereza, Ujerumani na Ireland zilichukua sehemu kubwa, na nchi ya Afrika ilitengewa kama nafasi 100 kwa mwaka. Bunge lililofuta mgawo huo ndilo lililopitisha sheria ya kura, katika mwaka mmoja, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha pigwa barabarani mpaka aibu ikawa haifichiki. Kila mmoja wenu anayeota makaratasi ya Marekani anapita kwenye mlango huo.

Nilihamia Chicago mwaka 1964 kusomea uuguzi. Nilidhani kaskazini ni kaskazini. Napiga simu kuulizia chumba, sauti inaniambia karibu, nikifika mlangoni chumba kimeshachukuliwa. Mwenye nyumba mmoja, aliposikia natoka Afrika, aliniita nirudi: kumbe wewe ni tofauti. Mwaka 1966 Martin Luther King alihamia mtaa wa Lawndale kupigania hilo la nyumba, na mwezi Agosti, kwenye maandamano ya Marquette Park, akapigwa jiwe la kichwa. Alisema hajapata kuona chuki ya namna ile hata Mississippi.

Mliniuliza pia habari za mahipi, wale vijana wenye maua shingoni. Niliwaona kwa mbali. Waliokuwa karibu nami ni vijana wa mtaani waliokuwa wanapelekwa vitani Vietnam. Aliye chuoni aliweza kuahirishiwa kuitwa jeshini. Asiye na karo alikwenda. Kufikia 1968 wanajeshi waliokuwa kule walizidi 500,000. Niliwauguza waliorudi, na sitayaandika yote niliyoyaona.

Usiku wa 4 Aprili 1968 nilikuwa zamu wakati habari za kuuawa kwa King zilipofika kutoka Memphis. Kesho yake moshi wa West Side, mitaa ya weusi wa Chicago, ulionekana kutoka madirisha ya wodi. Muuguzi mwenzangu, mama mweupe, mwema, ambaye tulikuwa tukigawana chakula, alinishika mkono akaniuliza, “Kwa nini wanachoma mitaa yao wenyewe?” Aliniuliza mimi kwa sababu alinihesabu upande wake. Nilimwambia mume wangu ni mmoja wao, na mtoto niliyemwacha nyumbani ni mmoja wao. Hatukuzungumza tena usiku ule.

Hapo ndipo jibu la swali la kurudi lilipo. Tulikuja kwa ahadi ya kurudi, na wengi waliitimiza: Wangari Maathai alikuja mwaka ule ule wa 1960, Kansas, na mwaka 1966 alikuwa Nairobi. Mimi niliolewa na Mmarekani mweusi mwaka 1965. Yeye alikuwa na mama mmoja na kazi moja, na alikuwa bado na deni la mapambano hayo ambalo hakutaka kulikimbia. Julai 1969 Mboya, aliyetupandisha ndege, alipigwa risasi barabarani Nairobi mchana kweupe. Majirani walijaa sebuleni kwangu kutazama watu wakitembea mwezini, nami nilikuwa bado katika matanga yake. Baada ya hapo sikuzungumzia tena safari kwa miaka mingi.

Na ule ugeni uliokuwa ukinipa kiti cha mbele uliishia kwangu. Mwanangu hakuurithi. Polisi akimsimamisha barabarani hamuulizi kama mama yake ni wa Rabai. Nimekuwa mama wa Mmarekani mweusi kwa zaidi ya nusu karne na sasa ni bibi yao; wanaposemwa, wanaosemwa ni wanangu.

Wewe unayeomba barua ya mwaliko, nitaiandika. Nitumie nakala ya pasipoti na barua ya chuo, uniambie pia nani analipa karo ya mwaka wa pili, maana hapo ndipo wengi hukwama. Chumba kipo. Sherehe ya kuzaliwa kwa mjukuu wangu mkubwa ni mwezi wa tisa, na kama utakuwa umefika, yeye ndiye atakayekuja kukupokea uwanja wa ndege.