Maswali ya Kompyuta: projekti ya saiba, penseli na CD ya mtihani

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote kwa wanafunzi wanaojiandaa na KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, pamoja na moja ya mzazi wa Gredi ya 10. Ndefu nimezifupisha.

Mwalimu, kuna kijana wa saiba (duka la intaneti) mjini kwetu anauza projekti ya Karatasi ya Tatu ya mtihani wa Kompyuta ikiwa imekamilika. Wenzangu wamenunua na wanasema hakuna atakayejua. Na mimi ninunue? (Kidato cha Nne, Bungoma)

Mwalimu wako atajua kabla chai yake haijapoa. Swali la projekti ni moja kwa nchi nzima, kwa hiyo huyo kijana ametengeneza mfumo mmoja na anauza nakala kwa kila anayefika na pesa. Nimewahi kupokea CD kadhaa za projekti ambazo jedwali la wateja lilikuwa na kosa lile lile la tahajia, herufi ile ile imerukwa, na wenye CD wakiapa kwamba hawajawahi hata kukaa dawati moja. Nyingine haikufunguka kabisa: fomu zilikuwa zinatafuta hifadhidata kwenye folda iliyobaki ndani ya kompyuta ya muuzaji.

Halafu kuna kuulizwa. Projekti inafanywa kwa hatua: uchambuzi, usanifu, uundaji, majaribio, mwongozo wa mtumiaji. Tuseme mfumo ni wa chama cha ushirika cha maziwa. Nitakuuliza kwa nini umetumia nambari ya mwanachama kuwa ufunguo wa jedwali, yaani cha kumtofautisha kila mtu, si jina lake. Aliyetengeneza mwenyewe atanijibu papo hapo kwamba chamani wamo akina Wafula wengi, na maziwa ya huyu yataandikwa kwa yule. Aliyenunua hutazama dari. Na KNEC, baraza la mitihani, ikiamua kuwa kuna udanganyifu, haifuti ukurasa mmoja, inafuta matokeo.

Anza leo kwenye karatasi. Chora majedwali mawili: la wanachama (nambari, jina, simu) na la maziwa (nambari ya mwanachama, tarehe, lita). Yaunganishe kwa ile nambari. Hayo yakikaa sawa ndipo ufungue Access, programu ya kutengeneza hifadhidata. Nimeona wanafunzi wakipoteza wiki nzima kutafuta rangi ya vitufe huku mfumo wao hauwezi kumwambia mkulima anadai shilingi ngapi. Vitufe vya kijivu vinatosha.

Shikamoo mwalimu. Maabara yetu ina mashine chache na tunakaa wanne wanne. Programu nitajifunzaje bila kompyuta? (Kidato cha Tatu, Kwale)

Marahaba. Umepata bahati ya mwaka: mambo mazito ya Kidato cha Tatu, yaani uwakilishaji wa data na misingi ya programu, hujifunzwa vizuri zaidi kwa penseli. Nadharia inatahiniwa kwenye karatasi, na hapo hakuna mashine ya kukusahihishia.

Jaribu hili. X ni 3, Jumla ni 0. Maadamu X ni chini ya 10, ongeza X kwenye Jumla, kisha ongeza 4 kwenye X. Mwisho, andika Jumla. Chora safu mbili, moja ya X na moja ya Jumla, ujaze kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza: Jumla inakuwa 3, X inakuwa 7. Wa pili: Jumla 10, X 11. Sasa X si chini ya 10, umetoka. Jibu ni 10. Wanaokisia kichwani huandika 21, kwa kuwa wameijumlisha ile 11 ambayo haikupata nafasi ya kuingia.

Kutoa kwa binari, yaani nambari za 0 na 1 tu, nako ni hivyo hivyo: badala ya kutoa, unajumlisha kinyume cha nambari. Unataka 17 toa 10 kwa biti (tarakimu) nane: 17 ni 00010001, 10 ni 00001010. Geuza biti zote za 10, 0 iwe 1 na 1 iwe 0, upate 11110101, ongeza moja upate 11110110. Jumlisha na 17. Inatoka 100000111, biti tisa. Ile ya kushoto kabisa unaitupa, inabaki 00000111, ambayo ni 7. Fanya moja kila jioni ukitumia tarehe na umri wako. Zamu yako ya kompyuta ikifika, usiitumie kuandika programu mpya. Ingiza ile uliyokwisha kuifuata kwa mkono, uone kama mashine inakubaliana nawe.

Mwanangu yuko Gredi ya 10, mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na amechukua Kompyuta. Ni lazima nimnunulie laptopu? (Mzazi, Nakuru)

Si lazima, mama. Kama pesa ipo, nunua ya mtumba iliyo nzima, na usidanganywe kuwa somo linahitaji mashine ya michezo. Kama haipo, karo na vitabu kwanza. Ila uliza shule maabara hufunguliwa lini nje ya vipindi. Jibu la swali hilo litakuambia mengi kuliko brosha. Kundi la mwanao ndilo la kwanza kuingia sekondari ya juu ya mtaala mpya, Januari 2026, na KCSE ya mwisho itakuwa 2027, kwa hiyo vitabu vya kaka yake vya Kidato cha Tatu asivitegemee kama mtaala wake, ingawa binari ni ile ile.

Shuleni kwetu Kompyuta haifundishwi. Ndoto yangu ya kusomea sayansi ya kompyuta chuoni imekufa? (Kidato cha Nne, Mombasa)

Haijafa. Kozi hiyo ya shahada haidai uwe umefanya Kompyuta kwenye KCSE. Inaangalia Hisabati, na katika vyuo vingi Fizikia. Shahada yoyote inataka wastani wa C+ kwenda juu. Mwenye D ya Hisabati na A ya Kompyuta ndiye wa kuhangaika, si wewe. Ukikosa C+, stashahada ya chuo cha ufundi ni njia halali, na wapo waliopitia huko wakafika chuo kikuu wakiwa na mikono myepesi kuliko wenzao.

Akili mnemba inaandika programu yenyewe. Kwa nini tuteseke? (Kidato cha Tatu, Eldoret)

Iambie ikuandikie programu ya kulipa wakulima wa maziwa. Kisha ingiza lita hasi tano. Ikikubali na kumkata mkulima pesa, wewe ndiye wa kugundua na kueleza kwa nini. Somo ni hilo.

Karatasi ya Pili, ile ya vitendo, watu huangukia wapi? (Kidato cha Nne, Kisii)

Mara nyingi si kwenye kazi yenyewe. Una saa mbili na nusu, na anayefikiria kuchapa dakika za mwisho hukuta foleni kwenye printa ya pekee. Chapa swali la kwanza ukilimaliza. Soma maagizo ya jalada: jina na nambari yako ya mtihani kwenye kila karatasi iliyochapwa, jina na toleo la programu uliyotumia, na usiweke nywila kwenye faili, maana msahihishaji hatakupigia simu kuiuliza. Kosa lililo baya kuliko yote ni kuhifadhi kazi kwenye kompyuta ya shule na kukabidhi CD tupu. Kabla hujainuka, itoe, irudishe, ufungue faili moja baada ya nyingine kutoka kwenye CD yenyewe.