Matamshi yamepelekea nini, na yamempelekea nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nafanya biashara ya nafaka hapa Kibaigwa. Nimesoma habari ya wale vijana wa muziki wa kufokafoka kutoka Belfast, kundi la Kneecap, ambao video ya onyesho lao ilisambaa mmoja wao akisikika akisema wabunge wauawe. Ndani ya habari hiyo moja nimekuta maneno matatu. Kichwa kinasema wanatuhumiwa "kuhamasisha" vurugu, aya ya pili inasema "kuchochea", na mwishoni mwandishi anasema matamshi ya namna hiyo "yanaweza kupelekea" mauaji ya wanasiasa. Je, haya yote ni kitu kimoja? Na je, mbunge "ameuawa" au "ameuwawa"?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Si kitu kimoja hata kidogo, na moja kati ya hayo matatu halina maana yoyote pale lilipowekwa. Nitaanza na hilo, maana nimelivumilia miaka mingi na sasa uvumilivu umekwisha.

Kupelekea. Wewe ni mtu wa nafaka, basi tuanzie ghalani kwako. Umepakia gunia la mahindi kwenye Fuso linalokuja Dodoma mjini, umemwambia dereva: "Mpelekee mama pale sokoni Majengo." Sentensi yako imekamilika. Yupo anayepeleka, ambaye ni dereva. Kipo kinachopelekwa, gunia. Yupo anayepelekewa, mama. Hiyo ndiyo kauli ya kutendea, na kazi yake ni kuongeza mshiriki katika tendo: mtu anayetendewa, au chombo kinachotumika, kama tunavyosema gari la kupelekea wagonjwa hospitali. Mtoto wa darasa la tatu pale Kongwa anaijua kauli hii bila kufundishwa na mtu.

Sasa chukua sentensi ya mwandishi wako: "Matamshi ya wasanii yanaweza kupelekea mauaji." Matamshi ndiyo dereva, sawa. Yamebeba nini? Hayakubeba kitu. Yanampelekea nani? Kwa sarufi yetu, mauaji ndiyo yanayopelekewa, yaani mauaji yamekaa barazani yanasubiri mzigo wao ufike. Fuso limetoka Kibaigwa likiwa tupu, limepita Chalinze ya Dodoma likiwa tupu, limeingia Majengo likiwa tupu, na mama ameambiwa apokee. Kisha tunaambiwa hiki ni Kiswahili cha habari.

Asili yake haina fumbo. Kuna kitenzi cha Kiingereza ambacho kwa asili kinamaanisha kumwongoza mtu kuelekea mahali, na Waingereza wakakipanua kikabeba pia maana ya kusababisha. Mfasiri mwenye haraka akakichukua neno kwa neno, akapata "kupelekea", akaendelea na aya inayofuata. Watangazaji wakalipokea, walimu wakalipokea kwa watangazaji, na leo ripoti ya kikao cha kijiji inasema uhaba wa mvua umepelekea njaa.

Najua hoja ya wanaolitetea. Wanasema lugha hukua. Ni kweli, na mimi hufurahi Kiswahili kinapokua. Lakini lugha hukua pale penye upungufu, na hapa hatukuwa na upungufu. Tuna kusababisha. Tuna kuleta, kuzaa, kuchangia, kuishia, kutokana na. Tuna kuponza, neno tamu ambalo magazeti yamelisahau: maneno yake yamemponza. Wahenga waliposema ulimi uliponza kichwa, walitaja kilichotenda na kilichoumia kwa maneno matatu. Jaribu kusema "ulimi ulipelekea kichwa" uone kama kuna mtu wa kukuelewa.

Ningeweza kulisamehe neno hili likibaki kwenye mvua na mazao. Kwenye habari ya damu silisamehe, na ndiyo sababu swali lako limenigusa. Uingereza imepoteza wabunge wawili ndani ya miaka isiyozidi sita. Jo Cox alipigwa risasi na kuchomwa kisu mjini Birstall, Yorkshire, Juni 16, 2016, na mtu mwenye itikadi kali za mrengo wa kulia. David Amess alichomwa kisu Oktoba 15, 2021, ndani ya kanisa mjini Leigh-on-Sea, akiwa kwenye miadi ya kusikiliza shida za wapiga kura wake, na mtu aliyeunga mkono kundi la Dola ya Kiislamu. Video ya Kneecap iliyozua ghadhabu mwezi Aprili 2025 ilirekodiwa kwenye onyesho la Novemba 2023, vifo vyote viwili vikiwa vimeshatokea. Familia za marehemu ziliumia kusikia maneno yale, na kundi lenyewe liliziomba radhi, likisema halijawahi kuwa na nia ya kuchochea ukatili dhidi ya mbunge yeyote.

Hapo kuna mambo mawili ambayo mwandishi anapaswa kuyatenganisha: maneno yaliyowaumiza waliofiwa, na maneno yaliyosababisha kifo. La kwanza lilitokea. La pili ni dai zito linalohitaji ushahidi. "Kupelekea" linaingia katikati na kuyafunika yote mawili kwa blanketi moja. Msomaji anaachwa akidhani wimbo ulimuua mtu, na mwandishi akiulizwa anasema, ah, mimi sikusema wamesababisha, nimesema tu imepelekea. Ni neno la kumtuhumu mtu bila kubeba wajibu wa kumtuhumu. Hilo ndilo linalonikera kuliko hata sarufi iliyovunjika.

Sasa tuje kuchochea, neno halali lenye asili yake jikoni. Kuchocha ni kudunga au kusukumiza kitu kwa ncha. Kutoka hapo tukapata kuchochea kuni. Waliolelewa kwa ugali wa uwele na mlenda wanajua ninachosema. Mafiga matatu, chungu juu, kuni zimeingia kwa vichwa na mikia iko nje. Zikiungua vichwa, moto unalegea, chungu kinanyamaza. Mama anasema: "Hebu chochea." Unasogeza kuni ndani, unapekua makaa, ndimi za moto zinainuka, chungu kinarudi kutokota. Angalia vizuri ulichofanya. Hukukoka moto, ulikuta umekokwa. Hukuleta kuni, zilikuwepo. Hukupepea wala kupuliza. Ulisukuma kilichokuwepo mpaka kikawaka zaidi, tena kwa makusudi, ukiutazama moto. Hakuna anayechochea kwa bahati mbaya. Mtu akijikwaa kwenye mafiga na kuni zikaingia ndani, tutasema amejikwaa. Na hakuna anayechochea jivu baridi. Ukimkuta mtu anachokonoa jivu la juzi, hutasema anachochea, utasema anatafuta kitu kilichomdondoka.

Kwa hiyo neno lina masharti matatu ndani yake: moto uwepo, mkono uusukume, na nia iwepo. Mwandishi anayeandika kwamba fulani amechochea mauaji ametoa madai matatu kwa mpigo, na anapaswa kuwa tayari kuyasimamia yote.

Tena hatuhitaji kwenda Belfast kutafuta mfano wa uzito wake. Mfano mkubwa kuliko yote uliamuliwa hapa hapa nchini, Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Desemba 2, 2008 mahakama ile ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari moja kwa moja na hadharani. Watu wengi wanaamini alifungwa kwa nyimbo zake. Sivyo. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo zake zilitumika kueneza chuki dhidi ya Watutsi mwaka 1994, lakini haikumtia hatiani kwa nyimbo, kwa kuwa haikuthibitika pasipo shaka kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji wala kwamba alihusika kuzirusha redioni mwaka ule. Kilichomfunga ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti ndani ya gari, mwishoni mwa Juni 1994, akiwaita watu barabarani waendelee kuwaangamiza Watutsi. Rudi kwenye mafiga. Moto ulikuwa unawaka, watu walikuwa wanauawa siku hizo hizo. Mkono ulisukuma kuni. Nia ilisikika kwa kipaza sauti. Majaji wale hawakuandika hukumu yao kwa Kiswahili, lakini mama anayepika kwa kuni angewaelewa.

Kuhusu kuhamasisha sitachukua muda. Limetoka kwenye hamasa, neno la Kiarabu lenye maana ya ari na joto la moyo, na sisi tumelizoea kwenye mambo ya heri: kuhamasisha chanjo, kuhamasisha upandaji miti, kuhamasisha wazazi wachangie chakula cha shule. "Kuhamasisha vurugu" si kosa la sarufi, ila linaivalisha vurugu nguo safi. Mtu akilisema kwenye mazungumzo nitamwacha. Kwenye kichwa cha habari ya vitisho dhidi ya wabunge, hapana.

Liko jambo jingine kwenye kuchochea ambalo linawachanganya wasomaji wa Tanzania. Hilo hilo neno uchochezi ndilo sheria zetu zinalitumia kwa maneno yanayoonekana kuamsha chuki dhidi ya serikali. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka makosa ya uchochezi kwa maana hiyo. Uingereza, kosa hilo la kusema dhidi ya dola lilifutwa mwaka 2009, wakati kumhimiza mtu aue bado ni jinai kule kama ilivyo hapa. Hizi ni habari mbili zilizo mbali kama Manyoni na Mpwapwa, nasi tumezitia kwenye kapu moja. Mkulima akisikia msanii ana kesi ya "uchochezi" hawezi kujua kama ameikosoa bajeti au amesema watu wauawe. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, neno legelege linaweza kumfunga mtu. Ushauri wangu kwa waandishi ni huu: usiandike uchochezi peke yake. Taja kinachochochewa. Kuchochea mauaji. Kuchochea chuki ya kidini. Kuchochea mgomo. Neno likishapewa shamirisho lake, msomaji anajua amesimama wapi.

Kadhalika tofautisha tuhuma na shtaka. Mmoja wa vijana wa Kneecap alishtakiwa kweli Mei 2025, lakini shtaka lilihusu bendera ya Hezbollah, kundi la Lebanon lililopigwa marufuku Uingereza, iliyoonyeshwa kwenye onyesho la London Novemba 2024, na Septemba 2025 hakimu aliitupa kesi hiyo kwa dosari ya utaratibu. Anayeandika kwamba "walishtakiwa kwa kuchochea mauaji ya wabunge" ameandika uongo. Na yule anayeandika "anatuhumiwa kwa tuhuma za" amesema neno moja mara mbili. Anatuhumiwa, basi.

Nirudi Dodoma, maana sisi si watazamaji wa misiba ya wengine. Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki, alimiminiwa risasi akiwa ndani ya gari lake nje ya makazi yake Area D, akitoka bungeni. Ukiandika kwamba "shambulio lile lilipelekea mbunge kujeruhiwa", sentensi yako haina mtu aliyefyatua risasi. Andika: mbunge alipigwa risasi. Hata bila kumtaja mpigaji, kitenzi hicho kinaacha nafasi wazi ambayo kila msomaji ataijaza kwa swali: na nani? Hiyo ndiyo kazi ya kauli ya kutendwa, kutunza nafasi ya mtenda hata asipojulikana. Na "watu wasiojulikana", jina walilopewa washambuliaji, ambalo tangu siku zile limegeuka karibu jina la ukoo, nalo ni kirai, yaani fungu la maneno, kinachodai jibu: hawajulikani na nani? Kirai hicho kilitakiwa kiwe cha siku mbili tatu, uchunguzi ukiendelea. Sasa kimezoeleka, na mimi kinaniuma kila ninapokisikia kikisomwa kama jina la kikundi kilichosajiliwa.

Basi ndugu yangu, habari yako ingeandikwa hivi: "Kundi la Kneecap linatuhumiwa kuchochea mauaji ya wabunge, lenyewe linakana." Na pale mwishoni, kama mwandishi anaamini maneno ya jukwaani huua, aandike "yanaweza kusababisha mauaji", kisha atuonyeshe yanasababisha vipi.

Swali lako la mwisho ni jepesi. Kitenzi ni -ua, na kauli yake ya kutendwa ni -uawa. Herufi ya w ni moja tu na inakaa baada ya a: ameuawa, waliuawa, aliyeuawa. "Ameuwawa" ni kosa, hata likiandikwa kwenye bango la rambirambi.