Nyie mnaoanza kazi na madiwani wanawake, hebu tukae kidogo

Wiki hii nimekaa nyuma ya ukumbi huko Amuru, kaskazini mwa Uganda, naangalia vijana wetu wapya wa mradi wakiwaambia madiwani wanawake "simameni, mjiamini, mseme". Nikashika kichwa. Hawa mama wamelea watoto kambini wakati wa vita vya LRA, waasi wa Kony, wamegawa posho, yaani unga wa mahindi, na wamezika watu wao, leo mtoto wa Kampala anakuja na flipchati kuwafundisha kujiamini, jamani!

1. Acheni kuhesabu vichwa. Ndiyo, sheria ya serikali za mitaa ya Uganda ya 1997 inataka thuluthi moja ya baraza iwe wanawake, na bunge la 2021 lilikuwa na viti 146 vya wabunge wanawake wa wilaya, kwenye ripoti inapendeza sana. Ila diwani mwanamke anabeba parishi (eneo la vijiji kadhaa, si ya kanisa) mbili tatu pale ambapo diwani wa kawaida ana moja, na mbunge mwanamke anazunguka wilaya nzima wakati mwenzake ana jimbo lake tu. Tangu 2006 mbunge huyo mwanamke anachaguliwa na wapiga kura wote, si wajumbe wachache kama zamani, sasa piga hesabu ya mafuta.

2. Kabla ya hoja, ulizeni wenyewe wamekubaliana nini. Hii niliilipia. Enzi za PRDP, ule mpango wa serikali, pesa za kujenga kaskazini upya zinaanza kuingia, nilimsukuma diwani mmoja apeleke hoja ya wodi ya wazazi. Nilimwandikia mimi mwenyewe, kikaratasi kimoja, Kiingereza safi, nikajiona mjanja. Akasimama, karatasi inatetemeka, akasoma mpaka mwisho. Spika akauliza nani anaunga mkono. Kimya. Nikadhani ni wanaume wanamdharau, nikaanza kukasirika kwa niaba yake, kumbe walionyamaza kwanza ni wanawake wenzake! Walishakubaliana kisimani kwamba mwaka ule wote wanadai kisima cha pampu, na yeye alikuwepo, alikubali, halafu mimi na mradi wangu nikamtoa kwenye msimamo wao mbele ya baraza zima. Wanaume wakacheka, ajenda ikasonga, kisima hakikupita wala wodi haikupita. Nilipomfuata nje akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwanangu, wewe jioni unarudi Gulu." Hakukasirika hata, hiyo ndo iliniuma. Alinyamaza vikao vyote vilivyofuata na uchaguzi uliokuja hakuchukua fomu, na mimi kwenye ripoti niliandika "diwani mmoja amewezeshwa kuwasilisha hoja". Shenzi kabisa.

3. Msiwahubirie azimio 1325 la Umoja wa Mataifa la 2000, lile la wanawake na amani, kana kwamba amani imeletwa na semina. Betty Bigombe, waziri wa serikali wakati ule, alikuwa anaingia porini kuongea na Kony 1994, wengine wenu hamjazaliwa. Na Rwanda muitaje mara moja tu kwa siku, tumeshasikia kwamba 2008 wanawake walipita nusu ya bunge lao.

4. Bajeti inaamuliwa kwenye kamati, siku ya baraza watu wanakuja kupiga muhuri tu. Mkazanie wanawake waingie kamati ya fedha, wasirundikwe ile ya huduma za jamii.

5. Siku ya soko msiite mkutano. Rifandi ya transipoti itoke kabla ya chakula, mwenye mtoto aondoke mapema bila kuulizwa maswali, na hiyo fomu ya kusaini ipunguzeni, safu zote hizo za nini?