Mtogwa, mkangafu na madumu ya baba

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimesilimu miaka mitatu iliyopita, kwetu ni Kilolo, Iringa. Baba si Mwislamu, anagema ulanzi (pombe ya utomvu wa mianzi), na masika hii ananituma nipeleke madumu kilabuni. Je, mtogwa, yaani ulanzi mbichi ulio mtamu, nao ni haramu? Nikikataa kubeba nitakuwa nimemkosea mzazi? Na kaka yangu, tuliyesilimu pamoja, amerudia mkangafu, ulanzi uliochacha na kuwa mkali. Ameambiwa asijisumbue kuswali mpaka zipite siku 40.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Mtogwa uliogemwa sasa hivi, mtamu, usiolevya, ni halali kama maji ya muwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa maji yake siku hiyo, kesho yake na keshokutwa, yaliyobaki aliamuru yamwagwe. Lakini usije ukauhesabia ulanzi siku tatu! Ulanzi haungoji. Uliokesha kwenye mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi) isiyooshwa, yenye chachu ya jana, huenda alfajiri umeshaanza kuchemka. Mtume aliwahi kukataza kuroweka tende katika vyombo fulani, kimojawapo gogo la mtende lililochongwa ndani, kisha akaruhusu vyombo vyote akisema msinywe kinacholevya. Basi osha mbeta, kunywa asubuhi, na ukiona povu na ukali, acha. Usiniambie "kikombe kimoja hakinilevyi": kinacholevya kwa wingi, hata kichache chake ni haramu.

Madumu ya kilabuni usibebe. Katika hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, mbebaji yumo, pamoja na muuzaji na mla thamani yake. Ila kukataa kuna adabu yake. Surat Luqman aya ya 15 inakukataza kuwatii wazazi katika shirki (kumshirikisha Mungu), na papo hapo inakuamuru ukae nao kwa wema. Usimwage ulanzi wa mzee wala usimhubirie mbele ya wateja wake. Mwombe akupe kazi nyingine shambani: kata mianzi, sukeni matenga, wakulima wa nyanya wa Ilula wanayahitaji.

Kuhusu kaka yako, aliyemwambia hivyo amemkosesha. Hadithi kwamba sala ya mnywaji pombe haikubaliwi siku 40 ipo, na wanazuoni wameieleza kuwa anakosa thawabu za sala, lakini faradhi haimwondokei. Akiacha kuswali amebeba madhambi mawili badala ya moja. Alichokatazwa katika Surat Nisaa aya ya 43 ni kuikaribia sala akiwa amelewa, hajui anachosema. Akilevuka aoge, aje asimame safuni, na atakayeziba pua pembeni yake ajiulize yeye alikuja kufanya nini.

Jambo moja la mwili, si la fiqhi (sheria za dini): kama anakunywa kila siku kwa miaka, asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mikono ikianza kutetemeka, akaona visivyokuwepo au akapata degedege, mkimbizeni hospitali usiku huohuo, msisubiri kumsomea ruqya (kisomo cha kuponya) kwanza.