Kisanduku cha bei nafuu hakisafishiki kwa kuriseti

Swali: Mimi ni mkazi wa Ujiji, Kigoma, na nina runinga ya inchi 32 isiyo na intaneti. Duka moja la Mwanga linauza kisanduku cha Android, cha kuiunganisha runinga na intaneti, kwa shilingi 75,000. Kimeandikwa 8K, RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 128, na muuzaji anasema kina chaneli zote bila malipo ya mwezi. Kingine, chenye jina linalojulikana, kinauzwa karibu mara mbili ya bei hiyo. Nimesikia kwamba vya bei ya chini huja na virusi, lakini fundi wangu ananiambia nisihofu, kwa kuwa nikikiriseti, yaani nikikirudisha kwenye hali ya kiwandani, siku ya kwanza kitakuwa safi. Je, ninunue?

Jibu: Ndugu msomaji, usikinunue. Sababu yangu ya kwanza si zile GB 128, ingawa nazo nitazigusa, bali ni huo ushauri aliokupa fundi wako. Karibu kila mteja anayeniletea kisanduku cha aina hii huniambia kwamba ameshakiriseti mara mbili au tatu na tatizo limerudi, na kila mara hulazimika kuanza kueleza upya jambo ambalo aliyemshauri alipaswa kulijua kabla ya kupokea fedha zake.

Hifadhi ya kisanduku imegawanyika. Kuna sehemu ya mfumo, ambayo kiwanda huiandika kabla boksi halijafungwa, na kuna sehemu ya mtumiaji, ambamo hukaa programu ulizopakua, nywila ya Wi-Fi na mipangilio yako. Unaporiseti, kinachofutwa ni sehemu ya mtumiaji peke yake, kisha kifaa huanza upya kwa kusoma ileile sehemu ya mfumo. Ikiwa programu hasidi imepandikizwa ndani ya mfumo wenyewe, basi kuriseti kunafanana na kufua mashuka wakati kunguni wamo kwenye chaga za kitanda: usiku wa kwanza utalala, usiku wa pili watakuwa wamerudi.

Jambo hili si uvumi. Mnamo Januari 2023, mtaalamu wa Kanada aitwaye Daniel Milisic alieleza hadharani jinsi kisanduku cha T95 alichokinunua kikiwa kipya kilivyokuwa na programu hasidi ndani ya mfumo wake. Desemba 2024, BSI, ambayo ni mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, ilikata mawasiliano ya vifaa vipatavyo 30,000 nchini humo, vilivyokuwa vimeambukizwa kabla ya kuuzwa, na ikawataka wamiliki waviondoe kwenye intaneti. Juni 2025, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa hivyo unaoitwa BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikawashtaki waendeshaji wake, ikieleza kwamba vifaa zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimeingizwa humo.

Watu wengi hudhani kwamba virusi vya kisanduku vitaonekana kwa skrini kuganda au picha kukatika. Sivyo. Kisanduku kilichoambukizwa huweza kuonyesha mpira vizuri kabisa huku, bila wewe kujua, kikibofya matangazo yasiyoonekana kwenye skrini, au kikiwapitisha watu wengine ndani ya intaneti yako, ili lolote watakalolifanya huko lionekane limetoka nyumbani kwako. Mteja mmoja wa Gungu aliniletea ruta yake akiamini kwamba ndiyo mbovu, kwa sababu bando lilikuwa likiisha kabla ya wakati. Tuliiwasha, tukaunganisha kisanduku chake peke yake, runinga ikiwa imezimwa, tukakiacha hadi asubuhi. Ukurasa wa ruta ulionyesha kwamba kisanduku ambacho hakuna aliyekigusa usiku kucha kilikuwa kimetuma data nyingi kuliko kilizopokea. Kifaa cha kutazamia runinga kazi yake ni kupokea. Kikituma zaidi ya kinavyopokea, kinamtumikia mtu mwingine, na bando unalipa wewe.

Kuhusu namba zilizoandikwa kwenye boksi, nitasema kwa ufupi. Runinga nyingi za inchi 32 zina vitone vya picha 1366 kwa 768, na hakuna kisanduku kitakachoiongezea runinga vitone isivyokuwa navyo, kwa hiyo neno 8K, yaani picha ya vitone vingi sana, kwako halina kazi. RAM na hifadhi zinazoonekana kwenye mipangilio nazo si ushahidi, kwa kuwa anayetengeneza mfumo anaweza kuuandikia namba anayoitaka. Mwombe muuzaji akuruhusu kunakili faili za GB 20 kutoka kwenye fleshi, kisha mzifungue moja baada ya nyingine. Nimefungua visanduku vilivyoandikwa GB 128 nikakuta ndani chipu ya GB 16; faili za mwanzo hufunguka, zinazofuata ama hukataa kuingia ama huingia zikiwa zimeharibika.

Na hizo chaneli zote bila malipo? Programu ya namna hiyo huvuta vipindi kutoka kwenye seva, yaani kompyuta za mtandaoni, za watu wasio na haki ya kuvirusha. Siku seva ikifungwa, programu hubaki na orodha ya majina ya chaneli isiyofunguka hata moja, na muuzaji hana namba ya kumpigia mtu yeyote. Zaidi ya hapo, ili programu hizo ziingie, mara nyingi utaelekezwa kuzima Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu, na kupakua kutoka kwenye duka la programu usilolijua. Maelekezo hayo ni miongoni mwa dalili ambazo FBI ilizitaja katika onyo lake.

Hicho cha pili, cha bei ya juu, kichunguze kabla ya kulipa. Kiwashwe mbele yako, fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio kisha sehemu ya Kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Kisha fungua Netflix au huduma nyingine utakayoilipia, kwa sababu kisanduku kisichoidhinishwa na huduma yenyewe huishia kwenye picha ya mistari 480, hata runinga ingekuwa kubwa kiasi gani. Piga pia hesabu ya bando mapema: Netflix kwa picha ya HD huweza kutumia hadi GB 3 kwa saa, maana yake bando la GB 10 ni filamu mbili tu. Nyumba nyingi zinazotegemea bando la simu hukwama hapo, si kwenye bei ya kisanduku.

Nirudi kwa mafundi, kwa kuwa sasa wapo wanaotoza fedha ili kukiflashi kisanduku, yaani kukiandikia mfumo upya, nalo faili la mfumo wamelichukua kwenye kundi la Telegram, bila kujua limetengenezwa na nani. Kuflashi hugusa kweli sehemu ya mfumo, tofauti na kuriseti, lakini mfumo unaoingizwa ukiwa wenyewe hauna asili inayojulikana, mteja amelipa ili aondolewe mwizi mmoja na kuletewa mwingine. Mwulize fundi faili limetoka kwa mtengenezaji gani, na asipoweza kukutajia, chukua kisanduku chako uondoke. Kwa walionacho tayari nyumbani, ushauri wangu ni mmoja: kisahaulisheni nywila ya Wi-Fi, badilisheni nywila ya ruta na ya barua pepe mliyoiandika humo, kisha kitumieni kuchezea filamu zilizomo kwenye fleshi, bila intaneti kabisa.