Mapanga ya helikopta yamepinda kama mundu, ni kweli ama ni simu?

SWALI: Salamaleko mhariri. Juzi helikopta ilishuka uwanjani huku kwetu nikaipiga picha na simu, kuangalia naona mapanga yamepinda kama mundu, moja hata kama limekatika. Mjomba asema ni nguvu ya upepo, mimi nasema simu. Nani ako sawa? Na kama yapinda kweli, wanayapimaje na yanazunguka vile?
Msomaji, Nyali

JIBU: Aleko salam ndugu yangu. Kwa picha hiyo umeshinda wewe. Kamera ya simu haichukui picha yote kwa mpigo, inasoma mstari mmoja mmoja, sasa ikifika mstari wa mwisho panga lishasogea zamani, ndo likatoka mundu. Washa feni ya dari namba ya mwisho uipige picha, utaona vituko hivyo hivyo na feni ni nzima.

Lakini mjomba usimcheke. Helikopta ikiwa imezimwa tazama ncha za mapanga, zimelegea kuelekea chini, ikianza kupaa zanyanyuka, na panga lenyewe lajinyonga kidogo. Huko ndo kupinda kwenyewe.

Kupima wanabandika vidoti vya stika ya kung'aa, kama ile ya reflekta, chini ya panga toka shinani mpaka nchani, halafu kamera mbili ama zaidi zinakipiga kidoti kimoja kwa wakati mmoja kutoka pembe tofauti. Ukijua kila kamera imekaa wapi na yatazama wapi, mistari inapokutana ndo kidoti kilipo, hesabu za pembetatu tu zile za shule.

Kazi iko kwenye flashi. Ncha ya panga la Black Hawk, helikopta ya jeshi la Marekani, yakimbia kama mita 220 kwa sekunde, kwa hivyo flashi ikiwaka sekunde moja ukigawanya kwa elfu, ncha ishaenda sentimita 22, kidoti kimekuwa mkia. Yatakikana flashi fupi mara mia zaidi ya hiyo, hapo ncha inasogea milimita mbili hivi, na iwake panga likifika pale pale kila mzunguko. NASA walifanya hivi 2010 na mapanga ya UH-60A, ndo hiyo hiyo Black Hawk, ndani ya handaki kubwa la upepo, yaani chumba cha kupulizia upepo mkali wa majaribio, kule California, upana wake kama mita 24 na urefu wa kwenda juu 12. Kwa upepo wa humo hata kamera zatikisika, ndo maana wanaweka vidoti vingine mahali pasiposogea, kamera ikitikisika vile vinawaambia.

Ukitaka kujaribu kupima kupinda mwenyewe, anza na ubao mwembamba wa plaiwudi, ufunge na klampu ukingoni mwa meza, chora vidoti ubavuni, simu uisimamishe kwa pembeni usiiguse tena, na rula iwe ndani ya picha. Piga moja, ning'iniza sukari kilo moja nchani, ngoja utulie, piga ya pili, kisha linganisha vidoti kwa rula uone vimeshuka kiasi gani. Ubao hauzunguki kwa hivyo hapo simu haina pa kudanganya. Sukari alete mjomba.