Mwanangu, karatasi ya laki nne usiisaini

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Unasema mjomba wa yule kijana aliyekukata panga amekufuata hadi kiwandani kwenu Mafinga, laki nne mkononi, na karatasi ya kusaini kwamba mmemalizana. Unaniuliza: "Mama, nichukue? Au mtu aliyeumizwa ana haki gani zaidi ya kumwona mwenzake anafungwa?" Swali hilo limenikaa rohoni miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Karatasi usisaini. Sheria inaruhusu mahakama kuwapatanisha watu kwenye shambulio la kawaida, lakini kumjeruhi mtu vibaya kama ulivyojeruhiwa ni kosa ambalo kifungo chake kinafika miaka 7. Ukipokea hela kwa makubaliano ya kulificha kosa kubwa namna hiyo, na wewe umetenda kosa. Tena kesi yenyewe si yako ukaifuta. Itazame hati ya mashtaka: imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, maana anayeshtaki ni Serikali. Wewe ni shahidi, na shahidi aliyeitwa akakataa kwenda anaweza kutolewa hati ya kukamatwa.

Hapo kwenye Jamhuri ndipo mimi nilipopotelea. Ulikuwa darasa la tano mwaka 2011 nilipokatwa mkono pale Mwanjelwa, ukanikuta wodini umebeba uji kwenye chupa ya chai. Aliyenikata alitiwa hatiani mwaka uliofuata. Siku hiyo nilikaa benchi la nyuma, mkoba mapajani, ndani yake risiti zote za hospitali nimezifunga kwa uzi mwekundu wa cherehani. Hakimu akamuuliza mwendesha mashtaka kama ana la kusema kabla ya adhabu. Akasimama, akasema hana kumbukumbu za makosa ya nyuma ya mshtakiwa, akakaa. Mshtakiwa akaomba ahurumiwe, ana watoto wadogo. Ikasomwa miaka mitatu, tukaambiwa tusimame. Yote hayo dakika kumi hazikutimia. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize, "Na wewe mama, huo mkono wako?" Hakuna aliyeuliza, wala sikujua kuwa nilipaswa kusema mapema. Nikarudi nyumbani na risiti zangu. Vidole viwili havikunji hadi leo, na unajua mwenyewe ninavyoshika mkasi.

Haki ilikuwepo, mwanangu. Katiba yetu, Ibara ya 107A, inaitaka mahakama itoe fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika na makosa mabaya ya watu wengine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani, juu ya adhabu yake, amlipe aliyeumizwa au aliyepoteza mali. Kwenye ubakaji amri ya fidia ni lazima, kwenye kesi kama yako hakimu anapima mwenyewe. Atapima nini kama hasara yako haimo kwenye ushahidi?

Ndiyo maana nataka umwone wakili wa Serikali anayeendesha kesi kabla hujapanda kizimbani. Mwambie wazi kwamba unaomba fidia, na mkabidhi vithibitisho. PF3, ile fomu ya polisi uliyotibiwa nayo, inaonyesha jeraha tu. Haionyeshi kwamba wiki 11 hukunyanyua ubao, wala kwamba mkeo aliuza mahindi ya akiba mkapata kodi. Mwombe msimamizi wako akuandikie barua: ulikuwa ukilipwa kiasi gani kwa siku na siku zipi hukuwepo. Ukitoa ushahidi, yaseme hayo kwa mdomo wako, taratibu, yaandikwe. Siku hizi lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kwa hiyo usiogope kusimama.

Na huyo mjomba kama kweli ana nia ya kulipa, mlango halali upo. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa. Upande wa mshtakiwa unazungumza na wakili wa Serikali, wewe uliyeumizwa unashirikishwa inapowezekana, na fidia inaweza kuingizwa kwenye amri ya mahakama. Laki nne ya kiwandani haina amri wala shahidi, na ukiigawa kwa wiki 11 haifiki hata elfu arobaini kwa wiki.

Sitakudanganya kwamba hela itakuja haraka. Fidia ya mahakama analipa mkosaji, si Serikali, na asiye na kitu hakamuliki. Hilo linaniuma sana, maana aliyekatwa na maskini anabaki na kovu na deni. Lakini huyu wako umesema ana shamba la miti, basi usikate tamaa. Fidia isipotosha, iko kesi ya madai unayoifungua wewe mwenyewe, na hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, inakuwa ushahidi kwamba alitenda. Muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka 3. Mimi nilielezwa haya na msaidizi wa kisheria mwaka 2016, miaka yangu ikiwa imeshapita. Mtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa huko wilayani kwenu, msaada wao ni wa bure kwa sheria ya mwaka 2017.

Mjomba mtu akirudi, msalimie kwa heshima, mwambie suala liko mahakamani. Usigombane naye.

Zile risiti ulizoniachia ulipokuja kupumzika hapa Uyole ninazo. Za dawa, za picha ya mfupa, na vile vikaratasi vya bodaboda ulivyotaka kuvitupa. Nimezihesabu, ziko 14. Siku ya kesi nitapanda basi la alfajiri, nitakuja nazo mwenyewe.

Mama yako